Wanyama wa Udongo wa Mama Mwalimu

Mwalimu Apolinari alimnyang'anya Sesilia watoto. Alifanya hivyo Noeli ikiwa mlangoni, akawavunjia wanyama wao wa udongo, kisha akasimama mbele ya kanisa, watu wakitoka misani, akasema kwamba mwanamke yule hajapata kufundisha kitu. Alikuwa akiwachunga tu, kama mbuzi wanavyochungwa. Baba padri alikuwapo, akasikia. Akina mama walikuwapo, wakasikia. Hakuna aliyefungua kinywa. Hilo ndilo lililotendeka pale Temeke, miaka ile nyumba mpya za serikali zilipokuwa bado zinanuka chokaa mbichi, na mtu asije akalipaka sukari.

Sesilia alitoka kusini, upande wa Ndanda, akimfuata mumewe Fransis, mchonga vinyago. Fransis alikaa Temeke misimu miwili ya mvua, akaenda mashamba ya mkonge Tanga kutafuta maisha, na alichokipata huko, mke mwingine akiwemo, kikamtosha. Mtoto wao mmoja alikwisha kufa kwa surua. Sesilia akabaki na chumba chake, jembe lake na sauti yake. Shule hakuikanyaga hata siku moja. Kwao shule ilikuwa ya kaka zake.

Kazi ya watoto hakuiomba. Kigango kilikuwa na katekista mzee, Kasiani, na Jumapili watoto wadogo walikuwa wakilia misani mpaka mahubiri hayasikiki. Siku moja Kasiani alimwinamia akamnong'oneza, "Sesilia, hebu nitolee hawa nje. Hata Mungu mwenyewe hasikii kitu." Akawatoa, akawapeleka kwenye kibanda cha makuti kilichokuwa ubavuni mwa kanisa, akawaimbia. Jumapili iliyofuata hawakuingia kanisani kabisa, walikwenda moja kwa moja kibandani. Jumatatu vilevile wakaja, bila kuitwa, kila mmoja na kipande chake cha muhogo.

Basi akawafundisha, na aliwafundisha kwa namna aliyoijua yeye. Alimfunga kila mtoto uzi wa ukindu kwenye mkono wa kulia, ili ishara ya msalaba isifanywe kwa mkono wa kushoto. Aliwahesabisha kwa korosho: aliyefika kumi bila kuruka alikula, na aliyeruka alianza tena mpaka naye akala. Sala aliwapa kwa mdomo, nao wakamrudishia kwa mdomo, mstari kwa mstari. Kuamkia wakubwa ndiko kulikokuwa na kelele zaidi. Sesilia alitoka nje, akarudi kajikunja na fimbo, kawa mzee. Watoto walianguka kwa kucheka kabla hawajasema "Shikamoo babu."

"Marahaba!" alijibu kwa sauti ya kukwaruza. "Na nani kaniibia tumbaku yangu?"

Wakamwita Mama Mwalimu. Hakuwafundisha kuita hivyo, walijiitia.

Jirani yake Mauwa, Mzaramo wa palepale, aliuza vitumbua barabarani, naye akawaleta wanawe kibandani pamoja na wale wa Kikristo. Siku ya Idi Sesilia aliwaogesha wote, akawapaka mafuta ya nazi mpaka wanameremeta, akawapanga mstari hadi kwa Mauwa kula kaimati.

"Sesilia!" Mauwa alipiga kelele mlangoni. "Hawa watoto au nzige?"

"Nzige hawaamkii, bibie. Hawa wamekuamkia. Toa sinia."

Noeli nayo ilikuwa na utaratibu wake. Wakati wa Majilio, yale majuma manne ya kuingoja Noeli, Sesilia aliwashusha watoto bondeni kwenye mashamba ya mpunga kuchimba mfinyanzi, na kila mtoto alifinyanga mnyama wake wa kwenda kumwamkia Mtoto Yesu kwenye pango la Noeli kanisani. Ng'ombe walikuwa wengi, na mbuzi, na kuku. Mwaka mmoja mtoto alileta fisi.

"Fisi naye anakwenda kuamkia?" Sesilia aliuliza.

"Anakwenda. Ameshiba."

"Haya, aende. Lakini atakaa mlangoni."

Baba padri, mzungu mwenye miwani, alikaa kwenye kigoda kibandani mwaka ule, akamcheka fisi yule mpaka akafuta machozi. Sharti lilikuwa moja tu: asubuhi ya Noeli anayetangulia kuingia kanisani ni mtoto mdogo kuliko wote, naye ndiye anayembeba Mtoto, sanamu ya Yesu, na kumlaza pangoni kwa mkono wake. Mkubwa hagusi. Mwaka hadi mwaka mambo yalikuwa hayohayo, na watu wa Temeke walikwisha kuzoea kuwahi kanisani ili wamwone mdogo wa mwaka ule anavyoyumba na mzigo wake.

Kisha Kasiani akachoka, akarudi kwao, akaletwa Apolinari. Kijana wa kutoka bara, mwenye cheti, sauti nzuri, na suruali iliyopigwa pasi mpaka mkunjo wake ungekata ndimu. Siku ya kwanza alimkuta Sesilia kibandani.

"Mama, ni nani aliyekuruhusu kuitwa mwalimu?"

"Wanaoniita."

"Hao ni watoto."

"Ndio ninaowafundisha. Ulitaka aniite nani, gavana?"

Watoto wakacheka, ingawa hawakujua gavana ni kitu gani. Apolinari hakucheka, na hakusahau.

Majilio ya mwaka ule lilifika sanduku kutoka Ulaya, kwa rafiki zake padri. Ndani yake mlikuwa na sanamu za plasta: Mariamu, Yosefu, wachungaji, ngamia, Mtoto mwenye mashavu mekundu. Zilikuwa nzuri, na hakuna anayekana. Lakini Apolinari alitaka kibanda kiwe safi kwa kuziweka hadi Noeli, na mkekani mle wanyama wa watoto walikuwa wanakauka. Akawaagiza vijana wa kwaya wakitoe kila kitu. Vijana wakatoa kwa mateke.

Asubuhi watoto walikuta mikia na masikio jalalani. Gregori, ambaye mwaka ule alikataa kufinyanga mnyama akafinyanga lori, maana wageni wa mbali watafikaje bila lori, aliokota gurudumu moja akalileta.

"Mama Mwalimu, lori langu limepata ajali."

Jumapili Sesilia alimngoja Apolinari mlangoni mwa kanisa, misa ilipokwisha. Hakupaza sauti.

"Mwalimu, wanyama wa watoto walikukosea nini?"

"Ilikuwa takataka, mama. Na kuanzia kesho watoto nitawafundisha mimi, ndani. Wewe upumzike nyumbani."

"Mafundisho niliyowapa je?"

Hapo ndipo alipolisema. Aligeukia watu kwanza, akapata ukimya, kisha akasema: "Mama huyu hajapata kufundisha. Hajui hata kusoma. Alikuwa akiwachunga, na mbuzi pia huchungwa."

Sesilia hakumtazama Apolinari. Alimtazama padri. Padri alivua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na vumbi.

"Haya," alisema Sesilia. "Mie nimesikia. Nanyi nyote mmesikia." Akajifunga kanga yake, akaenda zake.

Jioni Mauwa alikuja na chungu cha uji na hasira zake mwenyewe.

"Ungemzaba kibao, shoga."

"Kibao kinapoa."

"Sasa utafanya nini? Utakaa hapa umejikunja kama kuku wa mvua?"

"Nitakwenda bondeni," alisema Sesilia. "Nina watoto hawana wanyama, na Noeli hiyo inakuja."

Jumatatu Apolinari aligonga kengele yake ya kipande cha reli mpaka mkono ukamuuma. Walimjia wachache wakubwa. Wadogo wote walikuwa uani kwa Sesilia, matope yamewafika viwikoni. Mama zao waliogopa. Padri ndiye mwenye ubatizo na mazishi, na Apolinari ndiye mwenye sikio la padri. Wakamtuma Anastasia, mkubwa wa akina mama wa kigango, mwanamke asiyependa maneno mengi.

"Tumsifu Yesu Kristo, dada."

"Milele amina. Karibu kigoda."

"Sikai. Nimekuja kumchukua Tekla. Unatutafutia balaa, dada Sesilia."

"Mchukue."

Tekla ndiye aliyekuwa mdogo kuliko wote mwaka ule, kitinda mimba wa Anastasia, bado ulimi mzito. Alikuwa anafinyanga kuku. Mama yake alipomshika alikumbatia nguzo ya nyumba, akapiga ukelele uliowatoa watu majumbani. Anastasia alimvuta, akamwacha, akamvuta tena. Mwishowe akakaa kwenye kigoda alichokikataa.

"Basi amalize huyo kuku wake," alisema.

Kuku hakwisha upesi. Anastasia alikaa akitazama jinsi Sesilia alivyoushika mkono wa mtoto bila kumfanyia kazi, jinsi watoto walivyokuwa wakiimba huku wanakanda, na wana wa Mauwa wakiimba kwa nguvu kuliko wote. Alipoondoka alisema jambo moja tu. "Noeli wafike kanisani, dada. Usije ukawazuia."

"Watafika. Mie Mkristo. Nani kakwambia nimeacha?"

Na walifika. Asubuhi ya Noeli umande haujakauka, Sesilia aliwaongoza hadi kanisani, yeye na gauni lake jeupe, wao na mafuta ya nazi yanameremeta. Njia kutoka barabarani hadi mlangoni ilipangwa mawe ya chokaa kandokando. Wakaweka wanyama wao njiani, katikati, ng'ombe na mbuzi na lori jipya la Gregori, na kila mtoto akakaa chini karibu na wake. Mbele kabisa alikaa Tekla, kampakata kuku wake. Mauwa alisimama ng'ambo ya barabara, kajifunga kanga mpya.

"Mie natazama tu!" aliwaambia waliomwangalia. "Misa yenu siijui."

Watu wakafika, wakakwama. Hakuna aliyethubutu kuruka watoto. Kisha ukaja msafara: Apolinari mbele, vijana wa altare, na padri katika nguo zake nyeupe.

"Ondokeni njiani," alisema Apolinari. "Ingieni, mkae mahali pa kwaya."

Watoto wakamtazama Sesilia.

"Msinitazame mie," alisema. "Asubuhi ya Noeli anatangulia nani?"

"Mdogo kuliko wote!" Sauti zikapasuka.

"Anabeba nini?"

"Mtoto!"

"Mtoto yumo ndani," alisema Apolinari. "Keshalazwa."

Tekla akainua uso. "Nani kamlaza?"

"Mimi."

"Wewe mkubwa," Tekla akamwambia.

Kicheko kilianzia kwa wazee, kikaenda hadi barabarani, na cha Mauwa kilisikika kuliko vyote.  Apolinari akainama, akamshika Tekla mkono, akamnyanyua. Kuku alianguka juu ya jiwe akavunjika shingo. Kicheko kikakatika.

"Mwache mwanangu."

Alikuwa Anastasia. Alitoka katikati ya akina mama, akampita padri bila kuinama, akaingia kanisani. Wote nje walisikia kandambili zake zikipiga saruji, zikaenda, zikarudi. Alikuja na Mtoto wa plasta kamfunga katika kanga yake, akampakatisha Tekla. Mtoto yule alikuwa mzito. Tekla akayumba, akajikaza, akaanza kwenda. Anastasia aliokota kuku na shingo yake, akamfuata. Hapo kila mzazi akainama akachukua mnyama wa mwanawe, mabwana waliovaa koti wakabeba mbuzi wa udongo, karani mmoja akabeba lori kwa mikono miwili kama anabeba yai, na msafara wa padri ukawa nyuma ya wote.

Watoto waliimba kama Sesilia alivyowafundisha, kwa makofi na kwa mabega. Udongo ukapangwa kati ya plasta, lori likasimama ubavuni mwa ngamia. Sesilia aliimba nao kutoka kwenye benchi la nyuma, na kifua chake kilijaa. Furaha ile alikuwa ameifanyia kazi. Aliila yote, hakumbakizia mtu.

Kisha padri akapanda kuhubiri. Alitabasamu, akasema kwa Kiswahili chake cha kukatakata: "Tunashukuru mwalimu wetu Apolinari. Yeye amefundisha watoto hawa jambo zuri namna hii."

Apolinari aliinamisha kichwa, kama mtu anayepokea kilicho chake.

Sesilia akasimama. Kanisa zima limekaa, yeye kasimama.

"Baba, si yeye. Ni mimi."

Padri alikohoa. "Mama, kaa."

"Nitakaa likisemwa."

Halikusemwa. Padri akaendelea na mahubiri, na Sesilia akaendelea kusimama. Alisimama watu walipokaa, alisimama walipopiga magoti, mpaka misa ikaisha. Hakuegemea ukuta. Watoto wakamaliza wimbo wa mwisho huku macho yao yako kwake.

Kibandani hakurudi tena. Uani kwake ndiko lilikokuwa darasa, na watoto waliendelea kuja, korosho zikahesabiwa, Idi ikaliwa kwa Mauwa, na kila Noeli mdogo kuliko wote akatangulia. Hilo hakuna aliyejaribu tena kulizuia. Apolinari alipandishwa, akahamishiwa shule kubwa, akavaa miwani naye. Wanaomjua wanasema ni mtu wa heshima.

Deni liko vilevile. Anastasia alilipa lake mbele za watu, tena asubuhi kweupe. Akina mama wengine hawajalipa. Wanamletea Sesilia watoto wao kwa mlango wa uani, wanamwita dada, na kanisani wananyamaza. Padri anadaiwa zaidi, kwa kuwa alikaa kwenye kigoda kile akaona kwa macho yake, na alipoulizwa kwa macho akafuta miwani. Na Apolinari anadaiwa neno lenyewe. Asimame palepale alipolitamkia lile la kwanza, Jumapili, watu wakitoka, aseme kwa sauti ileile: Sesilia alifundisha. Halihitaji cheti wala sanduku kutoka Ulaya. Hajalisema. Mlango upo, na Jumapili zinakuja kila wiki.