Mstari wa Mwisho wa Wasifu wa Zephania

Mwaka ule wa tisini na nne, watu wa kijiji cha Mpui walimsema sana Rosina. Mwanawe kafa, naye halii! Mama gani huyu? Hawakumjua tu. Mtu anaweza kukauka macho huku moyo unavuja.

Zephania alifia Ulaya kwa homa ya mapafu, akazikwa hukohuko, maana nauli ya maiti hakuna aliyeiweza. Mzee Beda, shemeji yake Rosina, ndiye aliyeandika wasifu wa kusomwa kwenye misa ya kumaliza matanga. Akaja kumsomea kwanza mfiwa. "Alikuwa mtumishi wa serikali..."

"Serikali ipi, shemeji?"

"Sasa niandike nini? Siku hizi msomi asiye wa serikali ni mfanyabiashara. Naye hakuwa na duka."

Rosina alielezwa kazi ile na mwanawe mwenyewe, likizo yake ya mwisho, wamesimama ukingoni mwa uwanda wa juu wakitazama bonde la Rukwa. Sasa naye akamweleza Beda taratibu, asije akaruka neno.

"Angani kuna mianga mikali isiyoonekana kwa macho, inaitwa gamma. Mitambo inaigundua, lakini haisemi inatoka wapi hasa. Ni kama nikuonyeshe moshi kule bondeni, niseme uko upande wa Muze. Nyumba ya nani? Sijui. Basi Zephania na wenzake walitega madishi makubwa, wakapokea mawimbi ya redio kutoka upande uleule, mpaka waijue nyumba yenyewe. Alitafuta miaka sita, akapata moja. Andika hivyo."

Beda akaandika, jasho linamtoka. Kisha akasoma mstari wa mwisho: "Amezikwa Ulaya."

Rosina akashika mdomo. Ulaya! Ulaya yote ile! Mtoto aliyehangaika miaka sita akikataa kuambiwa "upande wa kule", leo mama yake hana jibu jingine. Iliuma, jamani, kuliko siku ile ya simu ya msiba.

"Matanga hayaishi," akasema. "Waandikie wenzake. Waniambie mwanangu amelala wapi hasa."

Jibu lilichukua miezi minne. Siku ya misa Beda akasoma yote, madishi na mianga, mpaka mwisho: "Amezikwa kwenye makaburi ya parokia aliyokuwa akisali huko Ulaya, safu ya saba, kaburi la nne kutoka ukutani."

"Safu ya saba," Rosina akarudia. "La nne."

Ndipo akalia, na hakuna aliyemnyamazisha.