Aliyeua Mto Kwenye Filamu

"Mwongo!" nilipiga kelele, na mtoto akaachia titi, akaanza kulia.

Tulikuwa ndani ya stoo ya shamba la kahawa karibu na Ruiru, miaka ile ya hamsini. Jumamosi hiyo mchana watu wa gari la sinema waliziba madirisha kwa magunia wakatuonyesha dunia ya siku zijazo: mito imekauka, nyasi zimekuwa majivu, watu wanaishi chini ya ardhi kama fuko. Filamu ilikuwa ya Kiingereza. Mkalimani alisimama kando na kipaza sauti chake.

Mimi nilizipenda sana filamu za dunia kuisha. Kila mara nilitaka kujua: safari hii ni nini kimeiua? Moja ilikuwa bomu. Nyingine nyota imeanguka. Nyingine wadudu wakubwa kama trekta. Katika hii, mzee wa maabara alisema waziwazi, na mimi nimesoma sekondari, nilimsikia, kwamba viwanda vilimwaga uchafu mtoni mpaka mto ukafa.

Mkalimani akatangaza: "Ardhi yao ilikufa kwa sababu akina mama walikataa kuchimba matuta!"

Matuta! Sisi wanawake tulikuwa tukiyachimba kila asubuhi kwa amri ya serikali, eti mvua isizoe udongo, watoto mgongoni. Hapo ndipo niliposimama nikamwita mwongo.

"Wewe mama, kaa chini tuwaone wakifa!" mwanamke mmoja akanifokea kutoka nyuma. Watu wakacheka.

Filamu ilipoisha nilimfuata mkalimani kwenye gari. "Mbona umebadilisha maneno?"

"Dada yangu, nimeambiwa kila filamu iishe na matuta. Hata ile ya kupiga mswaki niliyaweka."

Nilitaka kumchukia, nikajikuta nacheka. Lakini mtoto wangu alikuwa akiharisha wiki ya pili sasa. Maji ya kunywa tuliyateka mtoni, upande wa chini kutoka kwenye mashine ya kumenya kahawa ya shamba, na yalinuka kama pombe iliyochacha. Nikajiuliza: mtu wa filamu huko ng'ambo anajua kinachoua mto, je, meneja wetu hajui?

Jumatatu nilimpelekea barua ofisini, kwa Kiingereza, asipatikane wa kuibadilisha njiani. Nilimwandikia hivi: Bwana, mashine yako inamwaga maji ya maganda mtoni, juu ya mahali tunapoteka. Mtoto wangu anaumwa. Chimbisha shimo, yamwagwe humo. Matuta yetu tumeshachimba. Shimo ni lako.