Kifaru Chini ya Kawa

Sifa zote ni za Mola aliyeweka chuma ndani ya ardhi na subira ndani ya mtu, akanifikisha uzeeni nikiwa bado naweza kupitisha uzi kwenye tundu la sindano. Kwa neema kama hiyo mwingine angeshona kofia. Mimi naunda vifaru vya kivita.

Sijawahi kuwa askari. Nilikulia Kondoa, nikafundisha madrasa maisha yangu yote, na nilipostaafu nikawa mtu wa kukaa nyumbani, hapa Makole, nikimfuata mke wangu jikoni na kumweleza namna ya kukaanga vitunguu. Mjukuu wetu wa kike, aliyekuwa akisoma chuo kikuu kule Chimwaga, alimwonea huruma bibi yake. Akaniletea flashi iliyojaa filamu za vita.

Wenzangu wakitazama filamu hizo wanataka kujua nani atakufa. Mimi huzisimamisha. Askari akisimama kando ya kifaru, nasogea na rula hadi kwenye kioo cha televisheni, nampima yeye, kisha nakipima kifaru. Urefu wa binadamu naujua, kwa hiyo na wa kifaru nitaujua. Baada ya hapo ni hesabu tu na kadibodi. Minyororo naikata kwenye soli za kandambili, magurudumu ni vizibo vya soda, na mtutu ni antena ya redio ya mke wangu, ambaye tangu siku hiyo husikia taarifa ya habari nusu nusu. Mwisho napaka gundi nyembamba na kukiweka kifaru uani. Upepo wa Dodoma unakamilisha kazi. Vumbi la vita tunalo bure.

Jambo moja sifanyi. Siweki watu. Nilivyosoma mimi, kuchonga sanamu ya kiumbe chenye roho si jambo la kuchezea, na sitaki kesho akhera niambiwe nimpulizie pumzi dereva wa kadibodi. Kwa hiyo vifaru vyangu vyote ni vitupu. Mfuniko wa juu unafunguka, ndani hamna mtu.

Sasa nije kwenye siku ya posa.

Mjukuu wetu alikuwa amempata kijana wa Miyuji, mcha Mungu na mpole, na watu wake wakatuma salamu kwamba watakuja kusema neno. Asubuhi ya siku hiyo mjukuu alikuja akapiga magoti mbele ya kiti changu.

“Babu, leo naomba vifaru vyako vilale chumbani.”

“Inshallah.”

Mke wangu alikuwa anapanga vikombe. “Inshallah yako hiyo naijua, Maalim. Ndiyo uliyoniambia kuhusu antena.”

“Babu, nampenda,” mjukuu akasema, kwa sauti ya chini. “Baba yake mkubwa ndiye mwenye kauli, na hacheki hata Idi. Akikasirika, imekwisha.”

Nilimsikia vizuri sana. Lakini msomaji aelewe na upande wangu. Kwetu babu humwita mjukuu wake wa kike mke wake, na anayekuja kumposa ni mwizi, na mwizi hapokelewi kwa tende peke yake. Hiyo ni haki yangu ya utani, nimeisubiri tangu mtoto huyu anaota meno. Vifaru vyote vikalala chumbani kama alivyoomba. Isipokuwa kimoja, kile kikubwa, ambacho hakikuwa na usingizi.

Wageni walifika baada ya sala ya alasiri. Mshenga alikuwa mfanyabiashara wa nafaka, mnene, mwenye maneno matamu. Baba mkubwa wa kijana aliketi wima kama aliyekuja kutoa ushahidi. Mezani palikuwa na sinia lililofunikwa kawa kubwa la ukili, na kila mtu alijua chini ya kawa kuna kashata na tende.

“Karibuni,” nikasema. “Mshenga, fungua.”

Mshenga akanyanyua kawa. Chini yake palikuwa na kile kifaru kikubwa, antena nimeivuta hadi ukingo wa sinia. Ncha yake ikasimama karibu kabisa na kidevu chake.

Nilitegemea kicheko. Sikukipata. Nyuma ya pazia nilisikia mtu akivuta pumzi, nikajua ni nani.

Baba mkubwa alisimama, akaweka kofia yake sawa. “Tumekuja na salamu, tumeelekezewa mzinga. Nyumba hii imeshasema. Tuondoke.”

Pale ndipo uzee uliponielemea. Utani ni wa watu wanaojuana, na mimi na yeye tulikuwa tumejuana kwa muda wa kuvua viatu tu.

Mshenga hakusimama. Alikuwa ameinamia meza, amefungua mfuniko wa kifaru kwa ukucha, anachungulia.

“Maalim, mbona humu hamna mtu?”

“Siweki. Sitengenezi chenye roho.”

“Hata mfyatuaji?”

“Hata mfyatuaji.”

Akamgeukia mwenzake. “Kaka, kaa. Nani atatupiga? Hiki ni kasha tupu tu.”

Baba mkubwa alikuwa tayari mlangoni, mguu mmoja ndani ya kiatu. Akageuza shingo kukitazama kifaru. Akakitazama tena. Akakivua kiatu.

“Magurudumu si yenyewe,” akasema.

“Yapi?”

“Haya. Kifaru cha aina hii nimekiona vitabuni, magurudumu yake yamelaliana kama magamba ya samaki. Yako yameachana. Umekosea.”

Ndugu zangu, nilisahau posa. “Sikukosea! Nimekitoa kwenye filamu, ile ya vita vya theluji. Wenye filamu hawakuwa na kifaru chenyewe. Walichukua kingine wakakivisha mabati kifanane. Magurudumu ndiyo yaliyowaumbua. Mimi nimeunda kilichoonekana, pamoja na uongo wake.”

“Kwa hiyo kilivalishwa.”

“Kilivalishwa,” nikasema, na ulimi, Mungu ausamehe, ukaendelea wenyewe, “kama bwana harusi aliyeazima suti.”

Mshenga akafumba macho. Kikombe kililia jikoni. Baba mkubwa alinitazama kwa muda ambao ningeweza kusoma Yasini.

“Suti ni yake,” akasema mwishowe. “Viatu ndivyo vyangu.”

Akaketi. Mabega yakaanza kutikisika, kisha tumbo, kisha tukasikia sauti ambayo nadhani hata Miyuji haikuwa imewahi kuisikia. Mshenga alicheka hadi akajifuta machozi kwa ncha ya kanzu.

Alipopata pumzi akakumbuka kazi yake. “Haya, Maalim. Kumwelekezea mgeni mtutu kuna faini. Kifaru hiki tunaondoka nacho.”

“Hicho? Chukueni antena.”

“Antena ni yangu!” mke wangu akaita kutoka ndani.

Nilikitazama kifaru. Nilikuwa nimekata kila pingili ya minyororo yake kwa wembe. Nikasema kwanza ni lazima binti aulizwe, kwa maana dini haikubali aolewe bila ridhaa yake. Tuligeukia pazia tukasubiri. Mwali akiulizwa, kimya chake hutosha kuwa jibu. Wa kwetu hakutumia kimya.

“Babu,” pazia likasema, “wape kifaru chao.”

Nikawaambia wageni: mmesikia, mashahidi ni nyinyi. Pilau ikaingia. Mke na kifaru nikavipoteza jioni moja, alhamdulillahi.

Siku hizi kifaru kinakaa Miyuji, juu ya kabati la televisheni, kwa sababu baba mkubwa alikikabidhi kwa maharusi siku ya nikaha. Nikienda kuwatembelea nakikuta kimegeuziwa dirishani. Mume wa mjukuu wangu ananipa shikamoo na kuniandalia kiti. Nakunywa chai yao, nawaombea dua, nainuka. Na kabla ya kuvaa viatu huugeuza mtutu taratibu, uelekee kiti cha mwizi wangu.

Ewe uliyesoma hadi hapa, Mungu akupe nyumba ambayo silaha zake zote ni tupu ndani, akupe wakwe wanaocheka hata kama wanachelewa, na akupe mtu wa nyuma ya pazia anayejua anachokitaka. Amin.