Mwaka Yeshimebet Aliokataa Kupika

Mjane kusimama mlangoni na jogoo mkononi, akingoja mwanamume yeyote apite amchinjie: hilo Yeshimebet aliliogopa kuliko baridi yote ya Debre Birhan, mji wetu wa milimani. Kwetu mwanamke hachinji. Mumewe Belachew ndiye aliyechinja kila Krismasi, kisu mkononi, mzaha mdomoni, naye alifariki katikati ya msimu wa mvua. Sasa sikukuu inabisha hodi, na shoga yangu huyo, fundi cherehani mwenye maneno machache, anazidi kukonda.

"Mwaka huu sipiki," aliniambia tukinywa kahawa. "Nitakula mchuzi wangu wa unga wa dengu, nifunge mlango. Nikiimaliza siku hiyo bila kupasuka, nitamshukuru Mungu."

"Na mawifi?"

"Ndio wanaonitia homa."

Hasa Tsehaynesh, dada wa marehemu. Mama huyo, loo, akisema neno limekwisha! Tangu kaka yake aoe, ukoo mzima ulikula Krismasi kwa Yeshimebet. Mkesha wa sikukuu, asubuhi, akaingia bila hodi, akamfunga jogoo mwekundu kwenye mguu wa cherehani.

"Wifi, kesho tunakuja wote. Kukaa peke yako kutakutia wazimu."

"Wifi yangu, siwezi."

"Utaweza. Vitunguu vya mchuzi wa kuku tunamenya kwangu, tutakuletea. Jikaze, wewe si wa kwanza kufiwa." Huyoo, akaenda zake.

Jikaze! Neno hilo nalichukia. Mtu amevunjika, unamwambia ajikaze, kwani yeye kamba?

Nikamwambia Yeshimebet, "Lete huyo jogoo, mume wangu atamchinja, yaishe."

"Akichinjwa, watakuja. Wakija, watakitazama kiti cha Belachew, kisha watanitazama mimi. Nitapiga yowe mbele ya watoto, Aselefech. Najijua."

Akajifunga shuka lake jeusi, akamkumbatia jogoo, akatoka. Nikamfuata nikihema, maana mimi na mlima hatupatani. Njiani watu wakadhani anatafuta mchinjaji. Kinyozi mmoja akapaza sauti, "Dada, lete nikuchinjie!" Aibu aliyoikimbia nyumbani ikamkuta barabarani. Akamkaza jogoo kifuani, akaongeza mwendo.

Kwa Tsehaynesh wanawake walikuwa wameinamia vitunguu. Yeshimebet akamweka jogoo chini.

"Wifi, kesho msije. Sipiki, na sitaki wageni."

Tsehaynesh akatua kisu.

"Ala! Kaka amekufa, na sisi umetuzika?"

"Sijawazika. Naulinda moyo wangu tu, umebaki kidogo."

"Moyo! Sisi tuna mawe? Nimezika kaka wa tumbo moja!" Akavisukuma vitunguu kando. "Na mimi niende wapi? Nikiingia nyumbani kwake nikakuta watu, chakula, kelele, naona kama ametoka kidogo tu, atarudi. Hilo nalo unaninyima?"

Nilikuwa nimekuja na matusi yangu tayari. Nikayameza. Uchungu ulinishika kwa wote wawili, na sikujua nisimame upande gani.

Yeshimebet akamshika bega. "Basi njoo peke yako. Nitapika kahawa, tulie wawili."

"Kulia nimechoka," Tsehaynesh akasema. "Nataka sikukuu."

"Sikukuu sina, wifi."

Siku yenyewe mtaa mzima ulinukia mchuzi wa kuku, watu wakilishana matonge na kucheka. Mlango wa Yeshimebet ulikuwa umefungwa. Maneno hayakukosekana: eti ana kiburi, eti anangoja mume mwingine. Niliwajibu mmoja mmoja, na wengine hawanisalimii hadi leo. Tsehaynesh hakuja kunywa kahawa. Aliwakusanya watu kwake, na nasikia aliinuka katikati ya chakula akaenda kujifungia chumbani.

Kesho yake nilimkuta Yeshimebet akipepeta dengu, macho mekundu.

"Umejuta?" nikamuuliza.

"Nimejuta. Tsehaynesh nilimpenda, na sijui kama atakanyaga hapa tena." Akaendelea kupepeta, kisha akauweka ungo chini. "Lakini ningewapikia, shoga, leo ningekuwa nawachukia wote. Na Belachew pamoja nao, kwa kuniachia mzigo huu."