Bomba, Kaptula na Mama Mkwe

Jamani, ile siku bado naionea aibu, ingawa yule niliyeaibika mbele yake ndiye ninayemshukuru kuliko watu wote.

Ilikuwa enzi za vijiji vya ujamaa, huku kwetu Matongo, tunachimba msingi wa zahanati kwa kujitolea, nami ndiye msimamizi (mtu wa kelele kweli). Kamba ya kupimia ikaangukia juu ya mwamba. Wambura, fundi mwenzangu, akasema kabla ya kuisogeza tuwaulize akina mama bomba la maji limepita wapi, maana ndio waliochimba mtaro wake. Na kiongozi wao alikuwa nani? Mama mkwe wangu. Kwetu Wakurya, ukikutana na mama mkwe njiani mmoja anaingia majanini, sasa mimi nikamuulize habari za bomba nikiwa kifua wazi? (Ningeweza kumtuma mke wangu, lakini uvivu nao.) Nikasogeza kamba, nikainua sururu, nikashusha.

Maji yakanirukia usoni. Tangi lilikuwa moja tu, tena kiangazi, likikauka akina mama wanarudi kubeba maji kutoka mtoni. Nikaziba kwa kiganja, wapi, nikafungua kamba iliyoshikilia kaptula yangu nifungie bomba, kamba yenyewe ikakatika, kaptula ikaanza safari, basi mkono mmoja bomba, mkono mwingine kaptula, na watu wanacheka mpaka wanakaa chini.

Mara mtu akaruka mtaroni na mpira wa ndani wa baiskeli. Alikuwa mama mkwe, uso kaugeuzia pembeni.

“Mkwe, achia kaptula, shika bomba kwa mikono miwili. Mimi sikuoni.”

Nikaachia. (Ndiyo, niliachia.) Akakata kipande cha mpira, akakizungusha, akakikaza kwa meno, maji yakatulia. Akatoka bila kunitazama, akaenda kuchomeka vijiti juu ya njia yote ya bomba. Tangi lilibaki na maji, nami nikabaki matopeni, machozi yananitoka kwa shukrani.

Jioni mke wangu akaniletea mkanda uliokatwa kwenye mpira uleule.

Tangu hapo sikuchimba hata shimo la choo kabla ya kwenda kusimama mbali na mji wake, mgongo nimempa, nikauliza kwa sauti bomba limepita wapi. Naye alinijibu kila mara, mgongo kanipa vilevile. Na mkanda nilikuwa nimeuvaa.