Mchina Upande wa Kibla

Mama aliponifuata Barking, pembeni mwa London, baada ya baba kufariki, alikuja na sharti moja: akishafanyiwa operesheni ya macho, anarudi Unguja. Unguja kwenyewe hakubaki mtu wa kumtazama, na mtoto wake ni mimi peke yangu. Nikaapa nitampambia chumba chake mpaka asahau safari.

Ukuta wa upande wa kibla ulikuwa na doa la unyevu la kutisha. Nikaenda kwenye maonyesho ya mchoraji mmoja wa Kichina, katika wale wa mwanzo kuhamia London, nikanunua nakala ya picha yake ya kulifunika: vilima, ukungu, bustani iliyonyeshewa mvua. Niliikagua kama kadhi. Kwetu hatutundiki picha ya kiumbe mbele ya mwenye kusali, na humo sikuona hata kunguru.

Mama aliipenda kupita kiasi. "Hili ndilo dirisha," alisema, maana dirisha lenyewe linatazama mapipa ya taka. Miezi mitatu akasali mbele yake, na habari za tiketi zikapungua. Nikajiona hodari.

Kisha akafanyiwa macho. Siku daktari alipomruhusu kusujudu tena, nilisikia ukelele kutoka chumbani, nikakimbia na mwiko mkononi.

"Mna mtu humu!"

Nikasogeza pua kwenye kioo cha picha. Kweli. Chini ya mti, ukubwa wake punje ya mchele, kasimama mtu na mwavuli.

"Miezi mitatu," mama alisema, "namsujudia Mchina!"

Binti yangu, aliyenifuata mbio, akajibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba mtu mwenyewe mdogo mno, hahesabiki. Mama akamwambia hata yeye ni mdogo, na makelele yake yanahesabika. Nilicheka mpaka nikashika ukuta, halafu nikaingiwa na hofu. Macho yameshapona, na sasa hana tena cha kumzuia asirudi Unguja.

"Nitaitoa, mama."

"Uipeleke wapi na mvua yote hii? Itundike kule nyuma yangu."

"Na doa litaonekana."

"Bora doa. Doa si kiumbe."

Nilipokuwa natafuta pa kupigilia msumari, akauliza huyo aliyeichora alikuwa nani. Nikamsomea kijitabu cha maonyesho: alikuja kijana, akidhani atakaa miaka michache, akafia hapahapa.

"Na mamake?"

Nikapekua kurasa zote. Hakikusema neno juu ya mama yake.

Mama akakaa kitandani, akamtazama yule mtu wa mwavuli kwa macho yake mapya. Mimi nyundo ilinishinda kuinua.

"Mwanangu," alisema, "daktari wa meno hapa anapatikana vipi? Haya magego yananisumbua, na naona kazi yake itachukua miaka."