Bukta Kumi na Moja

Mwaka wa kumi na tisa huu naitwa Mama Lastiki, na aliyenipa jina hilo ni kinyozi wa mlango wa pili, mtu ambaye suruali yake ya harusi nilimshonea mimi. Niliishona vizuri. Harusi ilivunjika, suruali anaivaa mpaka leo.

Kuna watoto wamezaliwa mtaa huu wakalikuta jina, wakadhani ndilo nililopewa na baba yangu. Sasa wasikilize lilivyoanza.

Mimi ni fundi cherehani. Shule niliachia darasa la tatu, kusoma kwangu ni kwa kubahatisha, lakini futi ya kupimia naisoma hata gizani. Chumba changu kiko nyuma ya uwanja wa michezo: dirisha moja, meza ya kukatia, cherehani ya kukanyaga aliyoniachia marehemu mume wangu. Hakuniachia kingine, Mungu amrehemu, ila kwa hiyo cherehani namshukuru kila nikikaa, maana ndiyo iliyonilisha kuliko yeye.

Mwaka ule timu ya taifa ilikuwa inakwenda kwenye michezo mikubwa, ile ya mataifa yote, wanakokimbia, wanaogelea, wanapigana ngumi, wanarusha vitu. Nguo zilizoagizwa nje zikachelewa. Mkuu wa msafara akaja kwangu mwenyewe, tumbo mbele, na majora mawili ya kitambaa na boksi la lastiki. Alitaka nguo za wasichana wa mbio. Fulana kumi na moja, bukta kumi na moja, kwa siku nne.

Nikatoa lastiki kwenye boksi, nikaivuta. Ikalia krr, kama mkate mkavu.

"Mzee, hii lastiki imelala stoo mpaka imekufa," nikamwambia.

"Mama, shona. Ndege ni Ijumaa."

"Itakatika."

"Wewe ni fundi au mpiga ramli? Shona!"

Nikashona. Lakini mimi sitoi kazi mlangoni kwangu huku roho inanisuta. Nikatafuta kamba ya pamba, ile iliyosokotwa ngumu, nikaipitisha ndani ya pindo la kiuno, nikatoboa vitundu viwili mbele na kuvizungushia uzi ili visifumuke. Kila bukta hivyohivyo. Wasichana walipokuja kujaribu, kila mmoja nilimpiga kofi la kiuno nikamwambia, "Binti, lastiki hii usiiamini. Funga kamba. Fundo mara mbili." Wakacheka. Walikuwa wazuri, wembamba kama sindano.

Siku ya mbio za kupokezana vijiti mtaa mzima tulijazana kwa kinyozi kutazama. Wanne wetu walikuwa wa pili. Wa pili, kati ya mataifa makubwa yale! Yule wa tatu akaingia kwenye kona, na mimi nikamwona mkono wa kushoto umekwenda kiunoni. Anakimbia anashikilia bukta. Alipofika kwa mwenzake, mkono mmoja una kijiti, wa pili unashikilia heshima yake. Kijiti kikaanguka. Wakamaliza wa mwisho.

Kesho yake, saa saba mchana, watu wako mezani, mkuu wa msafara akasema redioni: "Medali ilikuwa mkononi. Fundi ndiye aliyetuangusha. Kashona nguo za taifa kama anashona magunia." Wakati wa chakula! Hata asiyekuwa na habari na michezo alinisikia natafunwa pamoja na mboga.

Waliporudi nikaenda ofisini kwao. Nikasema lastiki niliikataa, na kamba niliweka. Mkuu akafungua droo, akanirushia ile bukta mezani. Lastiki imekatika. Vitundu viwili vipo, nimevizungushia uzi mwenyewe. Kamba hakuna.

"Iko wapi kamba yako, mama?"

Nikaigeuza ndani nje, nikapapasa pindo lote, hamna. Nikarudi nyumbani kwa miguu, na kinyozi akaniona napita. "Karibu, Mama Lastiki!" Watu wakacheka, jina likaota mizizi.

Sasa niseme jambo ambalo sikumwambia mtu. Matusi niliyaweza, nina ulimi wangu na unakata. Kilichonila ni kingine. Nilikuwa nashona, naacha, najiuliza: kweli nilitia kamba zote? Bukta kumi na moja, siku nne, macho yanauma. Kama kumi nilitia na moja nikapitiwa? Basi yule mzee alisema kweli, na mimi ndiye niliyemvua nguo mtoto wa watu mbele ya dunia. Miaka kumi na tisa nimekaa na swali hilo. Mbele za watu nasema "niliweka!" Peke yangu nahesabu. Nafika kumi, ya kumi na moja siioni.

Shule ya mtaa ikaninyang'anya kazi ya kushona sare. Lakini nisiwe mwizi wa fadhila. Mkunga wa zahanati alikuja kesho yake tu, mchana kweupe, akapita mbele ya kinyozi na kitambaa begani, akasema kwa sauti, "Nishonee gauni mbili za kazini, na kiunoni weka lastiki." Gauni hizo alivaa mpaka akastaafu. Nikimkumbuka namwombea heri hapo nilipo. Na mkwe wangu, mke wa mwanangu, aliingia nyumba hii akijua anayechekwa mtaani ni mama mkwe wake. Siku ya pili tu alimkuta kinyozi ananiita lile jina, akamwambia, "Shemeji, nywele za watu zinakushinda, ya viuno utayaweza?" Toka siku hiyo nikajua mwanangu kaoa. Mke mwenyewe jikoni anachoma hata maji, lakini mwanangu kaoa.

Tuje kwenye mwaka huu. Timu imekwenda tena. Watu kumi na wanane, nguo za kiwandani. Kinyozi katoa televisheni yake kibarazani, na mimi mlangoni kwangu nimewapa mgongo, nashona, ila kioo cha kujaribia nguo nimekigeuza kidogo. Mtu haoni kwa kioo?

Wiki ya kwanza ilikuwa aibu tupu. Bondia alilala raundi ya kwanza, akaamka anauliza kama kengele imelia. Mwogeleaji wetu alifika wenzake wameshajifuta. Mnyanyua vyuma aliinua, akatetemeka, akaachia, akaondoka anashika mgongo kama mimi. Halafu yule binti wa mkuki akarusha akapata medali ya fedha, mtaa ukaruka. Siku ya mwisho zikaja mbio za kupokezana vijiti, wasichana.

Mkwe akatoka jikoni na mwiko. "Mama, geuka basi! Unatazama kwenye kioo, watakimbia kinyume!"

Nikageuka. Wenzangu walitazama miguu. Mimi nilitazama viuno. Wa kwanza, salama. Wa pili, salama. Wa tatu alipoingia kwenye ile kona nilishika mkono wa mkwe mpaka akapiga kelele. Salama. Kijiti kikapokewa, yule wa mwisho akavuta pumzi, akampita mmoja, akampita wa pili kwenye mstari palepale. Shaba! Kinyozi alimwacha mteja na kichwa nusu. Mimi nikakaa chini nikasema asante Mungu, watoto wamefika na nguo zao.

Siku moja baada ya timu kurudi, asubuhi, mwanamke kasimama mlangoni. Mnene kidogo, mrefu, koti la timu ya taifa.

"Bibi, shikamoo."

"Marahaba. Ya kushona au ya kupunguza?"

"Sijaleta nguo. Nimeleta maneno."

"Maneno hayahitaji futi. Kaa hapo, usikalie chaki."

Akakaa. "Mimi ni kocha wa hawa wasichana wa shaba. Wewe hunikumbuki. Zamani nilikuwa mkimbiaji. Nilikuwa wa tatu."

Nikaacha kukanyaga. Mkwe, aliyekuwa anapiga pasi, akaiacha pasi juu ya shati. Kola iliungua, tumemlipa mwenye shati.

"Sema," nikamwambia.

"Siku ile tulikuwa tumeingizwa kwenye chumba cha kusubiri. Ukiingia pale hutoki mpaka uitwe uwanjani. Mwenzangu wa mwisho, yule mwenye mbio kuliko sisi wote, alikuwa anakaza kiatu, kamba ya kiatu ikakatika. Tukaomba ya akiba, hakuna anayetuelewa lugha. Dakika tano zimebaki. Nikachomoa kamba ya bukta yangu, nikampa."

"Kamba yangu?"

"Kamba yako, Bibi."

"Ilikuwemo?"

"Ilikuwemo. Ngumu hasa, nilifungua fundo kwa kucha."

Nikamuuliza tena, "Ilikuwemo kwenye bukta yako wewe?" Akasema ndiyo. Nikamuuliza mara ya tatu, mkwe akaniambia, "Mama, kasema ndiyo."

Ndipo hasira ikanijia. "Na mimi nilikwambia nini siku ya kujaribu?"

"Nisiiamini lastiki. Nikaona mzunguko mmoja hata dakika haufiki, itanivumilia."

"Haikuvumilia."

"Haikuvumilia. Mkuu wa msafara akaniuliza, nikamjibu lastiki imekatika. Sikudanganya. Halafu nikasikia alivyosema redioni. Nikajua nikitaja kamba nitafukuzwa timu. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, Bibi."

"Ukaona afadhali nifukuzwe mimi."

Akainamisha kichwa. Akasema miaka yote hiyo akija uwanjani anazunguka njia ya mbali ili asipite mlangoni kwangu. Safari hii, kabla ya mbio, aliwakagua wasichana wake viatu na viuno, mara mbili, mara tatu, mpaka wakamcheka: kocha, kwani sisi watoto wa chekechea? Ikabidi awaambie sababu. Na yule mdogo wao akamuuliza, "Huyo bibi bado yuko hai?" Kocha akajibu hajui. Yule binti akamwambia, "Hujui, kocha? Hujawahi hata kwenda kutazama?"

"Basi nimekuja," akasema. "Nisamehe, Bibi."

"Hapa?"

"Eeh."

"Katikati ya ndoo na pasi? Mimi nilichafuliwa redioni saa saba mchana, watu wanakula. Wewe unanisafisha chumbani, shahidi mkwe wangu?"

"Keshokutwa wanatuhoji redioni, mimi na wasichana. Saa hiyohiyo. Lakini Bibi, ile ni siku yao. Na chama cha riadha wakijua nilinyamaza, ukocha wenyewe..."

"Mwanangu, mimi sikushurutishi. Mlango huo. Ila msamaha wa kunong'onezwa sina, nimeishiwa."

Akaondoka bila kuaga vizuri. Mkwe akasema, "Mama, umemkazia sana." Nikamwambia, "Nguo isiyokazwa unajua inavyokuwa."

Keshokutwa sikutaka kujionyesha kwamba nasubiri. Nilikuwa nakunja pindo la gauni la mteja, pindo lilelile, nafumua nakunja, nafumua nakunja. Mkwe akaweka redio dirishani, akaifungua mpaka mwisho. Kinyozi naye akafungua yake, na duka la mkate likafungua yake, saa saba imegonga, watu wanakula.

Wakahojiwa wasichana. Wakacheka, wakasimulia kona, mstari, machozi. Yule mtangazaji akamgeukia kocha: nini siri ya ushindi?

Nikasikia anakohoa.

"Kabla ya siri, nina deni la maneno," akasema. "Miaka kumi na tisa iliyopita mimi ndiye niliyeshikilia bukta. Mliambiwa kosa ni la fundi. Si kweli. Fundi aliikataa ile lastiki, akalazimishwa. Akatia kamba kwenye bukta zote kumi na moja, akatuambia kwa mdomo wake tufunge. Yangu niliichomoa kwa mkono wangu, nikamfungia mwenzangu kiatu. Kisha nikanyamaza, yeye akabeba."

Mtangazaji akajisahau. "Yaani yule Mama Lastiki..."

"Usimwite hivyo. Ni fundi. Na kwa hilo kama chama kina la kuniambia, wataniambia kesho. Leo nasema: Bibi, nisamehe."

Nikasikia wasichana wanapiga makofi, kwanza mmoja, halafu wote.

Mtaani mashine ya kinyozi imezimwa. Akaja, kitambaa cha kunyolea bado begani, akasimama mlangoni. Akafungua mdomo. "Mama... Mama..." Akakosa la kuendelea nalo, kazi ilimshinda. Nikamwacha asimame palepale ajitafutie mwenyewe. Mwishowe akasema, "Fundi, shikamoo," na yeye kanipita umri mwaka mmoja.

"Marahaba," nikaitikia. Niliipokea, sikuirudisha.

Yule binti nimemsamehe, tena hadharani kama alivyoomba: nilimtuma mkwe uwanjani jioni ileile akamwambie mbele ya timu yake. Na namshukuru. Angeweza kusubiri nife, nisingemdai. Mkuu wa msafara sijamsamehe, anaishi, miguu anayo, njia anaijua.

Kinyozi alipoondoka nikamwita mkwe.

"Kasema ngapi vile?"

"Kumi na moja, mama."

"Zote?"

"Zote."

Nikafunika cherehani kwa kanga mchana ule wa jua kali, nikaenda kulala.